Nusu Kikombe

Klabuni sikuwahi kuuliza njia.
Usiku wa ukungu, tochi imekufa betri,
miguu ilinifikisha yenyewe kwa Mama Sekunda,
ikahesabu ngazi tatu za udongo, ikakwepa jiwe.
Miaka kumi na mmoja sikujikwaa kwenda.
Kurudi ndiko kulikoning'oa meno mawili.

Leo Alhamisi, Machi, mianzi inatoa.
Mbeta zimeinama kila shamba kutoka Uwemba hadi mjini,
asubuhi togwa, jioni mkangafu,
na mimi nazunguka Njombe nikiuliza njia.

Tangazo nililiona zahanati,
siku niliyokwenda kufungwa kidole
nilichokishona kwa cherehani yangu mwenyewe.
Kalamu ya bluu, herufi za mtu asiye na haraka:
WANAOTAKA KUACHA POMBE. ALHAMISI, SAA KUMI NA MOJA.
NYUMA YA GODAUNI LA
na hapo kona imechanika.
Mtu kaenda nayo. Labda kusokotea tumbaku,
labda aliona haya kuisoma akiwa amesimama.

La nini? La mahindi? La mbolea? La mbao?

Nimebeba sketi ya shule ya binti wa mwalimu Mhema,
haijapigwa pindo. Nikikutwa, napeleka kwa mteja.
Mlevi hakosi mteja wa kusingizia.

Godauni la mbolea, mlinzi: "Kamwene, mama. Unatafuta nini?"
"Kwaya," nikamjibu.
Akanionyesha kanisa kwa rungu, kwa heshima zote.
Nikaenda hadi ukutani, nikasikia sauti ya pili ikipotea,
nikageuza.

Kwa Mama Sekunda wakaniita: "Otilia! Leo umetununia?"
Nikapita.
Si kwa ushujaa. Sikuwa na hela,
nasema hivyo ili msije mkanipamba.

Karibu na Posta, chini ya mwavuli, Ngimbudzi fundi saa,
kioo jichoni.
"Fundi, wale wanaokutana Alhamisi..."
"Wanaokutana nini?"
"Wanaokutana tu."
Hakuinua uso. Kibanio chake kiligonga ubavu wa saa,
ti, ti, ti, ti,
nikadhani ndiyo kazi yenyewe.
"Sijui," akasema. Mvua ikaanza.

Lilikuwa la viazi.
Harufu ya gunia lililooza, bomba linavuja,
na mlangoni viatu, jozi saba, vimelowa,
vimepangwa kama vya watu waliokusudia kukaa.
Ndani walikuwa wanacheka,
si kicheko cha klabuni,
kile cha matanga, siku ya tatu,
mtu anapokumbuka marehemu alivyokuwa mbishi.

Mwanamke wa sweta la kijani akasogea kwenye benchi,
kama msibani, bila kuuliza mimi ni nani wa nani.
Nikakaa na sketi yangu magotini.

Birika likapita. Nikamiminiwa nusu.
Nusu! Moyo ukanuna: kwa Mama Sekunda
lita hufurika hadi kwenye kucha.
Nikatazama vikombe vya wengine. Nusu.
Nikatazama mikono.
Nikatazama wangu,
chai inatetemeka ndani kama dimbwi lori likipita,
na haimwagiki.

Wanajua.

Mlango ukalia. Ngimbudzi,
mvua mabegani, alama ya kioo bado inazunguka jicho.
Akaniona.
"Ile saa yako," akaanza.
"Sina saa, fundi."
Akakaa. Habari za njia hatukuzitaja.

Nikatoa sindano, angalau pindo lile liishe.
Uzi ukagoma mara nne.
Akaipokea, akavaa kioo chake, akajaribu yeye.
Ukagoma.
Tukailaza sindano juu ya benchi, katikati yetu,
tukamsikiliza mwenye sweta la kijani,
aliyekuwa amefika mahali pa mtoto,
na pa moto.